Joto ndani ya ndege ndogo: kivuli, upepo, barafu au kiyoyozi?

Rubani wa ndege ndogo haungui angani, anaungulia chini. Ukishafika futi 6,000 juu ya uwanja, hewa ya nje imepungua joto kwa nyuzi 12 hivi, matundu yanapuliza kwa nguvu na shati linaanza kukauka mgongoni. Taabu iko kwenye zile dakika ishirini au thelathini kati ya kufunga mlango na kuvuka futi 3,000 za kwanza: ukaguzi, injini inayogoma kuwaka kwa sababu nayo imepata moto, foleni ya kusubiri kuruka, halafu kupaa kwa kujivuta kwenye hewa nyepesi. Ndizo dakika hizohizo ambazo kichwa kinatakiwa kiwe kitulivu.

Nimefundisha urubani kwenye ndege za viti viwili na vinne kwa muda wa kutosha kuona karibu kila dawa ya joto ikinunuliwa na kusifiwa, na nyingine zikiishia kukusanya vumbi nyuma ya banda. Kipimo changu ni kimoja: kifaa hiki kinanifanyia nini katika dakika hizo ishirini? Kikipendeza angani tu, huko juu tayari kuna baridi ya bure.

Joto linaingilia wapi

Ndege mbili zilizoegeshwa bega kwa bega zinaweza kuwa na shida mbili tofauti kabisa, kwa hiyo mfahamu adui kabla hujatoa pesa.

Adui mkubwa ni jua. Adhuhuri anga ikiwa safi, kila mita moja ya mraba ya ardhi hupokea karibu wati 1,000. Akriliki, ile plastiki ngumu inayotengenezewa vioo vya ndege ndogo, hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga unaoonekana. Mwanga huo ukigonga viti na dashibodi hugeuka kuwa joto, na joto la aina hiyo halipenyi tena akriliki kwenda nje. Ndiyo maana ndege yenye kuba la kioo, lenye upana wa mita moja ya mraba likitazamwa kutoka juu, humkalisha rubani kama mtu aliyepakata pasi ya umeme iliyowashwa. Cessna 172 na ndugu zake wenye bawa juu wana mwavuli wa kuzaliwa nao. Diamond DA40 na ndege za Van's RV zina bawa chini na kioo juu, na jua la utosini huingia bila kubisha hodi.

Adui wa pili ni injini. Ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu yako hupata moto, na vali ya kipasha joto, hata ukiifunga, mara nyingi haifungi sawasawa. Kwenye ndege ambazo bomba la moshi hupita chini ya sakafu, joto hupanda kupitia mfereji wa katikati hadi kwenye magoti. Hapa kuna jaribio lisilo na gharama: ruka siku ya mawingu mazito. Kama miguu bado inaungua, jua halina hatia.

Waliobaki ni watu wenyewe, kila mmoja akitoa kama wati 100 akiwa ametulia, na vifaa vya umeme vyenye wati mia moja au mbili kwa ujumla. Watu wanne wazima ndani ya ndege iliyofungwa wanatoa karibu nusu ya joto linaloletwa na jua, jambo ambalo wengi hulisahau wanapolaumu kioo.

Kivuli: turubai la nje dhidi ya foili ya ndani

Kama ndege inalala nje, hapa ndipo pesa ya kwanza inapaswa kwenda, na sioni mjadala. Swali ni turubai la kufunika kuba kwa nje au vipande vya foili vinavyopachikwa ndani ya vioo.

Kwa upande wa joto tupu, turubai la nje linashinda, kwa kuwa linauzuia mwanga kabla haujavuka kioo. Foili ya ndani inaupokea mwanga ukiwa tayari umeingia. Nyingi inaurudisha nje, lakini ile inayobaki hunaswa kati ya foili na akriliki. Kioo chenyewe huchemka, na akriliki inayochemshwa kila siku huzeeka upesi. Turubai la rangi nyepesi linalofika hadi kwenye paa la nyuma na kufunika matundu ya hewa linaokoa pia redio, skrini na ngozi ya viti.

Ila turubai lina tabia zake. Upepo ukilipigapiga huku vumbi likiwa chini yake, linageuka msasa. Nimeona kioo cha mbele kilichofifia kabisa kwa sababu ya kifuniko kilichonunuliwa ili kukilinda. Lifungwe kwa mikanda inayokaza tumboni, na kioo kifutwe kwa maji na kitambaa laini kabla ya kulivika. Jambo la pili ni uvivu: kati ya safari mbili zenye mapumziko ya dakika arobaini, karibu hakuna anayehangaika kulifunga. Foili inapachikwa kwa dakika mbili na kukunjwa chini ya kiti. Kwa hiyo ndege ya shule inayoruka mara tano kwa siku itafaidika zaidi na foili, na ndege ya mtu binafsi inayoruka mara moja kwa wiki itafaidika na turubai. Ukiwa na vyote, foili ni ya mchana na turubai ni la usiku na siku za mapumziko.

Karatasi nyeusi za kubandika kwenye vioo vya magari ziache kwenye magari. Gundi na kemikali zake hazipatani na akriliki, nyufa ndogondogo hutokea, na usiku unajikuta unatafuta taa za uwanja kupitia miwani ya jua. Vivuli vidogo vinavyojishika kwenye kioo bila gundi havina neno, mradi usivihamishie upande unaotakiwa kutazama ndege nyingine.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa glaida, ndege zisizo na injini, wanalijua vizuri kuliko sisi. Kuba la kioo lililoachwa wazi kwa pembe fulani hukusanya miale kama lenzi na linaweza kuchoma mto wa kiti au dashibodi. Ukiegesha, ama lifunge na ulifunike, ama ulifungue na usimame hapo karibu.

Hewa inayopita: bei ndogo, makosa mengi

Hesabu ya upepo ni rahisi na ina faida. Chukua chumba kinachopokea wati 1,000 za joto. Ukipitisha lita 100 za hewa kila sekunde, chumba kitatulia kikiwa na joto la nyuzi 8 hivi juu ya hewa ya nje. Ukipitisha lita 300, tofauti inashuka hadi nyuzi 3 hivi. Baada ya hapo, kuongeza hewa hakuleti mabadiliko ya kuhesabika, kwa sababu upepo hauwezi kukushusha chini ya joto la nje. Nje kukiwa na nyuzi 38, mashine yote ya upepo duniani itakupa nyuzi 38 na vumbi. Lakini jasho lenyewe linapenda upepo, na ngozi inayopulizwa huhisi nafuu ambayo kipimajoto hakiioni.

Kosa ninalolikuta mara nyingi, hasa kwenye ndege za kujijengea, ni matundu mapya ya kuingiza hewa bila njia ya kuitoa. Chupa iliyozibwa haijazwi kwa kuipuliza mdomoni. Mwenye ndege anaongeza tundu la tatu, anaona hakuna tofauti, analaumu tundu. Akiweka njia ya kutokea nyuma ya viti, mahali ambapo nje kuna mvuto wa hewa, yale matundu mawili ya zamani yanafufuka. Kabla ya kutoboa chochote mbele, chunguza nyuma.

Ardhini aina ya ndege ndiyo inayoamua. Cessna 172 ina dirisha linalofunguka kwa kwenda juu, na kwenye toleo la 172S linaruhusiwa kuwa wazi hadi noti 163 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), mwendo ambao ndege hiyo haitakiwi kuuvuka kwa vyovyote. Yaani unaweza kuruka nalo wazi safari nzima ukivumilia kelele. Ongeza vile vibomba viwili vya kuvuta kwenye pembe za juu za kioo cha mbele, na ndege ya zamani ya mafunzo inakuwa na uingizaji hewa ambao nyingi za kisasa zinauonea wivu. Piper za bawa chini zina mlango mmoja upande wa kulia na kidirisha kidogo upande wa rubani. Wengi hutembeza ndege ardhini mlango ukiwa umeachwa wazi kidogo, abiria akiushika. Inafaa, lakini huyo abiria apewe kazi ya pili: kusema kwa sauti kwamba mlango umefungwa, kitasa cha juu na cha chini, kabla ya kuingia njia ya kurukia. Diamond DA40 ina nafasi maalumu ya komeo inayoliacha kuba wazi kidogo kwa ajili ya kupooza chumba, na ni kwa ardhini tu. Piper Cub hurushwa mlango ukiwa wazi, na kwa starehe ya majira ya joto sijaona cha kuizidi.

Hapo chini kuna hila mbili. Unaposubiri, elekeza pua ya ndege kwenye upepo. Propela na upepo vikishirikiana, hewa inaingia. Ukishapaa, usipande kwa pembe kali kuliko inavyohitajika. Ongeza noti 10 au 15, punguza pua kidogo: matundu yanapata hewa, injini inapoa, unaona mbele. Unapoteza futi chache kwa dakika na hutazikumbuka.

Feni ndogo ya umeme ya kupachika dirishani au kwenye dashibodi? Kwa dakika zile ishirini inasaidia kuliko bei yake inavyoonyesha, mradi ivute hewa ya nje. Ile inayozungusha hewa ya ndani inawazungushia joto lenu wenyewe, na kazi yake pekee ni kukausha jasho.

Onyo moja la lazima. Kufungua mlango au dirisha kwenye baadhi ya ndege huvuta moshi wa injini uingie kutokea nyuma au pembeni. Dalili za kaboni monoksidi ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, zilezile za joto kali. Rubani anayesema „ni joto tu” anaweza kuwa amekosea. Kitambuzi cha gesi hiyo, hasa chenye kengele, kina kazi majira ya joto kama majira ya baridi.

Barafu, maji au kompresa

Upepo ukishindwa, sharti joto litolewe kwa nguvu. Njia ni tatu, na watu hulinganisha bei zake wakati kinachotakiwa kulinganishwa ni muda.

Sanduku la barafu ni friji ya kubebea vinywaji iliyofungwa pampu ndogo, rejeta na feni. Maji ya barafu huzunguka kwenye rejeta, feni huvuta hewa ya chumba na kuirudisha ikiwa baridi. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334, na maji yake yakipanda hadi nyuzi 20 hunyonya nyingine 84 hivi. Kilo 10 zinakupa jumla ya megajuli 4.2. Ukitaka wati 1,000 za baridi, sanduku linaisha kwa dakika 70. Ukiridhika na wati 500, ni saa mbili na ushee. Kwa safari ya mafunzo ya saa moja hiyo inatosha, na uzuri wake ni kwamba linafanya kazi kwa nguvu kamili hata injini ikiwa imezimwa, yaani hasa zile dakika zetu. Linakula ampea chache tu, ingawa usidhani kila soketi ya dashibodi inazibeba; soma fyuzi.

Gharama yake halisi ni kilo. Barafu kilo 10, maji, sanduku na pampu vinafika kilo 18 au 20, na huwekwa nyuma, ambako uwiano wa ndege, yaani mizani ya uzito kati ya mbele na nyuma, husikia haraka. Lifungwe kwa mikanda. Sanduku lisilofungwa kwenye mtikisiko wa mchana ni jiwe lenye mfuniko. Anayefikiria kutumia barafu kavu badala ya barafu ya maji aache mara moja: hiyo ni dioksidi ya kaboni iliyogandishwa, inayogeuka gesi ndani ya chumba kidogo unachopumulia. Chupa za maji zilizogandishwa hupoza taratibu kuliko barafu iliyovunjwa, kwani hazigusani vizuri na maji yanayozunguka, lakini hazimwagiki, na mwisho wa safari zinanyweka.

Kipozeo cha maji, kinachopitisha hewa kwenye pedi yenye unyevu, kina hesabu ya kuvutia. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hunyonya megajuli 2.4, mara saba ya barafu inayoyeyuka. Lakini kila kitu kinategemea ukavu wa hewa. Nyuzi 38 na unyevu wa asilimia 15: maji yanaweza kinadharia kuishusha hewa hadi karibu nyuzi 20, na kipozeo cha kawaida kitakupa 25 au 26. Ni raha. Nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 80: kikomo cha kinadharia ni nyuzi 29, kipozeo kitakupa 30, na hewa itakuwa nzito kiasi kwamba jasho halikauki tena. Mtu wa nyika kavu na mtu wa pwani wakibishana juu ya kifaa hiki, wote wawili wanasema kweli. Ukiruka kwenye hewa yenye unyevu, usikitazame mara mbili.

Kiyoyozi halisi, chenye kompresa, ndicho pekee kisichojali unyevu wala kuishiwa barafu. Kinakuja kwa sura mbili. Ya kwanza huendeshwa kwa mkanda wa injini. Inakula nguvu za farasi kadhaa, na kwenye baadhi ya Piper za familia ya PA-28 kuna mlango tumboni unaoshuka ili kupoza gesi, nao huongeza ukinzani wa hewa. Ndiyo sababu kitabu cha ndege kinaagiza kiyoyozi kizimwe kabla ya kuruka, na kuna swichi ya kukikata ukisukuma nguvu zote. Kwa kipimo changu hiyo ni dosari kubwa: unapoa maegeshoni, halafu kinakuacha pale unapokihitaji kwa kupaa. Hata hivyo chumba kilichokwisha kupozwa huchukua dakika kadhaa kurudi kwenye joto, na mara nyingi dakika hizo zinatosha.

Sura ya pili ni ya umeme. Hapa fanya hesabu kabla ya kusikiliza muuzaji. Kompresa ya wati 1,000 kwenye mfumo wa volti 28 inataka ampea 36 hivi. Alteneta ya Cessna 172S ni ya ampea 60, kwa hiyo zaidi ya nusu imekwenda. Kwenye mfumo wa volti 14 ni ampea 71, yaani alteneta nzima na zaidi. Isitoshe, alteneta haitoi ampea zake zote injini ikiwa kwenye mzunguko mdogo, na mzunguko mdogo ndio hali ya kusubiri kwenye foleni. Kiyoyozi cha umeme kinang'ara kikiunganishwa na umeme wa nje kabla ya kuwasha injini, au kwenye ndege iliyobuniwa nacho tangu kiwandani ikiwa na alteneta kubwa au mbili.

Sura zote mbili zina uzito. Chukua kilo 30 kama mfano. Petroli ya ndege ina uzito wa kilo 0.72 kwa lita, kwa hiyo umeacha lita 42 za mafuta: zaidi ya saa moja ya kuruka kwenye ndege ya viti vinne ya kawaida. Na joto lenyewe lilikuwa limeshakula sehemu ya uwezo. Uwanja ulio futi 5,000, siku ya nyuzi 35, unaifanya ndege ijione kama iko futi 8,600. Hapo kilo 30 hazina utani. Kwenye ndege yenye cheti cha kiwanda, kukifunga kiyoyozi baadaye kunahitaji idhini ya muundo na fundi mwenye leseni. Sanduku la barafu linaloingia na kutoka kama mzigo lina njia rahisi zaidi, ingawa nalo linaingizwa kwenye hesabu ya uzito na uwiano.

Kumpoza mtu, kuacha chumba

Hili ndilo kundi ninalolipendelea, na si maarufu. Kupoza chumba chenye kuba la kioo ni kupambana na wati 1,000 za jua. Mwili mmoja unatoa 100. Kwa nini nipoze hewa, viti, dashibodi na kioo, wakati ninayetaka apoe ni mmoja?

Fulana ya mirija, aina inayovaliwa na madereva wa mashindano ya magari, huzungusha maji ya barafu kifuani na mgongoni. Ukitoa wati 150 kwa kila mtu, watu wawili, kilo 3 za barafu zinakwenda dakika 70 hivi. Linganisha na kilo 10 za sanduku kwa muda uleule. Kisanduku chake kinakaa nyuma ya kiti. Kasoro ni mirija ya kuunganisha na kuchomoa. Fanya mazoezi ya kutoka kwenye ndege kwa haraka ukiwa umeivaa, macho yamefungwa, kabla ya kuruka nayo.

Fulana yenye vifuko vinavyoganda kwenye nyuzi 15 hadi 20 haina mirija wala umeme. Kilo 2 za vifuko hivyo hunyonya kilojuli 400 hivi, karibu wati 100 kwa zaidi ya saa moja. Kwa mwalimu anayepanda na kushuka siku nzima, seti mbili na friji ofisini ni mpango mzuri kuliko kiyoyozi, kwa sehemu ndogo ya gharama. Taulo ya shingoni iliyolowekwa ni ndugu yake maskini: kwenye hewa kavu inafanya maajabu, kwenye unyevu inabaki kuwa taulo lililolowa.

Maji ya kunywa nayataja kwa kifupi kwa kuwa kila mtu anajua na wachache wanatekeleza. Kwenye joto kali unaweza kutoa lita nzima ya jasho kwa saa, na upungufu wa asilimia 2 ya uzito wa mwili, kilo 1.4 kwa mtu wa kilo 70, unatosha kufifisha umakini. Marubani hawanywi kwa kuogopa haja ndogo. Dawa yake ni chombo cha kujisaidia chini ya kiti, wala hakuna aibu. Vaa pamba yenye mikono mirefu. Nailoni huyeyukia mwilini ikishika moto.

Tableti nayo ni abiria. iPad imetengenezwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 35, na ikiwa juu ya dashibodi chini ya jua hujizima yenyewe ramani ikiwa katikati. Ihamishie pajani au mbele ya tundu la hewa, na usiichaji wakati ina joto.

Nani achague nini

Mwenye ndege ya bawa juu yenye madirisha yanayofunguka: foili ya ndani, feni ndogo inayovuta hewa ya nje, fulana ya vifuko. Kiyoyozi kwake ni anasa inayokula nafasi ya mafuta.

Mwenye ndege ya kujijengea yenye kuba la kioo aanze na njia ya kutolea hewa na kuziba vali ya kipasha joto, kisha akinge mfereji wa sakafu kwa kizuia joto kisichoshika moto. Nimeona ndege iliyokuwa na sifa ya tanuri ikawa ya kukalika kwa kazi hizo tatu bila kipande kimoja cha barafu. Baada ya hapo, kama bado ni shida, fulana ya mirija au sanduku. Mimi ningechukua fulana, ila anayeruka na mwenzi asiyependa kuvishwa mirija achukue sanduku. Ndoa nayo ina hesabu zake.

Anayebeba watu wanne, wazee au watoto, hana budi kupoza chumba kizima, kwa sababu huwezi kumvisha kila abiria. Hapo kiyoyozi cha kiwandani kina hoja, na ningekitafuta kwenye ndege iliyonunuliwa nacho kuliko kukifunga baadaye. Kabla ya kulipa, omba kuruka nayo saa nane mchana ikiwa imejaa, kwenye uwanja wa juu, kiyoyozi kikiwa kimezimwa kama kitabu kinavyotaka, na utazame inavyopanda.

Anayekodi ndege hawezi kufunga chochote, na hahitaji. Kofia isiyozuia visikilizio, foili ya kukunja, taulo, chupa mbili zilizogandishwa usiku uliopita na kitambuzi cha gesi cha mfukoni vinaingia kwenye mfuko mmoja usiofika kilo tano. Halafu aombe nafasi ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ambayo kwa kawaida hakuna anayeigombea.